Mwenye Kuleta Wateja

"Nani alimwambia mteja akalitupe begi lake jalalani?"

"Mimi," alisema Mama Mkasi, hata kichwa hakuinua kwenye cherehani. "Aliuliza kama linafaa kushonwa. Halifai. Ulitaka nimbembeleze?"

Mkamwana wake alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi, midomo imekazwa. Kwa desturi hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hata sasa hakuipaza.

"Mama, mtandaoni siyo hapa kaunta. Kule wanasoma watu elfu tatu."

"Basi elfu tatu wameujua ukweli kwa mpigo. Nimeokoa muda."

Mambo yalikuwa hivi. Jana mkamwana alimpeleka mtoto kliniki, akaiacha simu ya kazi inachaji. Mama Mkasi akaona kwenye ukurasa wao maswali kumi na moja hayajajibiwa, na yeye kitu asichoweza kukivumilia ni swali lililolala. Akayajibu yote, kama anavyojibu watu dukani. Aliyeuliza kwa nini mkanda wa begi lake hukatika kila mara aliambiwa anabeba kama punda. Aliyetaka begi la rangi ya waridi aliambiwa rangi haibebi vitabu. Na yule wa picha ya begi lililochakaa, ndiye huyo wa jalalani.

"Wafuasi tisa wameshaondoka tangu jana," mkamwana alisema. "Mimi nawakusanya mmoja mmoja, miezi kumi sasa. Kila siku saa nne naweka picha. Hata siku moja sijaruka."

"Haba na haba, eti. Kibaba chenyewe kiko wapi? Mimi nimeshona mabegi miaka kumi na tisa bila kupiga picha hata uzi. Chema chajiuza, mwanangu."

"Chajiuza kikiwa kimeonekana, mama."

"Hicho ni kiburi au jibu?"

Mkamwana alivuka chumba, akaiweka simu juu ya turubai lililokuwa halijakatwa, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. "Leo siweki. Na kesho siweki. Kuna duka la simu linatafuta mtu. Mchana nakwenda kuonana nao."

Akaenda jikoni kumlisha mtoto.

Mama Mkasi akaendelea kukanyaga cherehani. Mshono ulikwenda sawa kidogo, halafu ukapinda. Akautazama. Mshono wake haujapinda tangu alipotoka chuoni na stashahada yake, ile iliyotundikwa ukutani kwenye fremu iliyopasuka pembeni. Akachukua mkasi, akaanza kufumua, huku akijiambia kwamba asiyetaka kukaa hafungwi kamba. Lakini huyu binti alipoolewa, karakana ilikuwa imepoa hadi buibui walikuwa wamejenga kwenye kapu la zipu. Sasa mabegi yalikuwa yakisubiri foleni. Mama Mkasi alishukuru kila asubuhi, ila shukrani zote alizielekeza juu mbinguni, hata chembe haikupita jikoni.

Saa nne kasorobo akaingia mwanamke mrefu, viatu vyeupe vya kazi, amebeba begi ambalo mpini wake ulikuwa umefungwa bandeji.

"Shikamoo mama. Mimi ni mkunga. Ndimi wa jalalani."

Mama Mkasi alivua miwani. "Marahaba. Umekuja kugomba?"

"Nimekuja kuagiza jipya. Hili mafundi watatu wamelishona, wote wakaniambia litadumu. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia ukweli. Ila kidogo ungeniambia polepole."

"Hilo nimeshaambiwa leo," alisema Mama Mkasi.

Akachukua kipande cha karatasi, kama afanyavyo kwa kila oda. Aina ya begi, kipimo, idadi ya mifuko. Chini kabisa kuna mstari mmoja: *Ameletwa na*. Ilikuwa desturi ya karakana hiyo tangu siku ya kwanza. Anayemleta mteja hushonewa kipochi cha kalamu kwa turubai lililobaki, iwe shukrani. Kinyozi wa jirani alikuwa navyo viwili. Muuza mkaa alikuwa na kimoja, anawekea tumbaku.

Mwaka mzima huu Mama Mkasi hakuuliza. Wateja waliingia mfululizo, naye aliandika tu "amekuja mwenyewe", karatasi ikaenda kwenye msumari. Leo, pengine kwa sababu ya mshono uliopinda, akauliza.

"Nani amekuleta?"

Mkunga alishangaa. "Si ukurasa wenu? Nautazama mwezi wa nane sasa. Saa nne ndipo tunapokunywa chai. Nakaa, naiangalia ile mikono ikitoboa turubai, ikipaka uzi nta, napumua, narudi wodini. Sijawahi kubonyeza chochote. Mimi ni wa kutazama tu. Tuko wengi kazini, tunatazama kimya kimya."

"Na ukatuamini kwa picha?"

"Kwa saa nne. Nilijiambia, mtu asiyekosa siku yake ya kuweka kipicha hatakosa siku yake ya kunipa begi. Yule anayepiga picha yuko wapi nimshukuru?"

Mama Mkasi alikwenda kwenye msumari, akazishusha karatasi zote, akazipekua. Amekuja mwenyewe. Amekuja mwenyewe. Amekuja mwenyewe. Rundo lilijaza kiganja. Kinyozi kashukuriwa kwa wateja wawili, na aliyewaleta hawa wote kaambiwa kibaba chake hakionekani.

Akatupa jicho mlangoni, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hapo ndipo binti wa watu alipochuchumaa miezi kumi akipiga picha, upepo ukimpeperushia vipande vya turubai, wapita njia wakimzibia mwanga. Mwanga mzuri ulikuwa dirishani, ilipokaa meza ya cherehani. Aliwahi kuomba sehemu hiyo mara moja tu. Akaambiwa meza hii haihami.

Saa ya ukutani ilionyesha dakika nane kabla ya saa nne.

"Mwanangu!" aliita kuelekea jikoni. "Mweke mtoto chini, njoo."

Mkamwana akatokea, uji kwenye bega. Akamwona mgeni, akaona karatasi zimetapakaa, akaona mama mkwe wake ameshaivua cherehani mkanda.

"Mama, unafanya nini?"

"Vipochi vya kukushukuru wewe, turubai la mji mzima halitoshi. Asante. Ilinipasa niiseme zamani. Sasa shika upande huo."

"Meza hii haihami."

"Nani kasema?"

"Wewe."

"Mimi jana nilisema mengi. Shika."

Wakainua. Mkunga akaweka begi lake chini akaongeza mikono, kama mtu aliyezoea kusaidia vitu vizito vitoke. Meza ikaacha alama nne za miguu sakafuni, na mwanga ukamwagika pale ilipokuwa. Mama Mkasi akaburuta kimeza cha kukatia hadi dirishani, akalitandaza begi lenye bandeji juu yake ili achukue vipimo vya jipya, akakunja mikono ya gauni.

Mkamwana aliokota simu kwenye turubai. Aliifuta kwa kanga, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Dakika mbili," alisema. "Mikono yako tayari?"

"Tayari. Na ukimaliza, wale niliowajibu kwa mdomo wangu, tuwajibu upya. Wewe useme, mimi nitaje vipimo." Mama Mkasi alishika mkasi, akausogeza kwenye mwanga. "Na yule wa waridi mwambie rangi ipo, ninayo kabatini. Haya, anza."