Shingo ya Chungu cha Sita

Nzilani hakuwa mtu wa kutulia. Hata akikaa chini kufinyanga, goti moja lilibaki limesimama, kama mtu anayesubiri kuitwa kutoka barabarani. Mama mkwe wake, Syokau, ambaye macho yake yalikuwa yamepofuka kabisa, alimsikia akijigeuzageuza na kumuuliza, "Kwani umekalia siafu?"

"Sijakalia siafu, mwaitu," Nzilani akajibu, maana ndivyo Wakamba tunavyomwita mama.

"Basi tulia. Unafinyanga chungu ama unafukuza kuku?"

Siafu walikuwepo, lakini walikuwa moyoni, na walikuwa wamemla miaka minne mizima. Nitawaambia kwa nini, na mkimwona mjinga, basi hamjawahi kufanya kazi ikasifiwa kwa jina la mtu mwingine.

Huku kwetu Mbooni kila mfinyanzi ana alama yake. Anaikata kwa ukucha au kijiti shingoni mwa chungu, udongo ungali mbichi. Alama ya Syokau ilikuwa mistari mitatu na nukta moja. Mwanamke akifika soko la Kikima hakuangalia chungu kwanza. Alipapasa shingo, na akikuta mitatu na nukta, alibeba akaenda zake. Kikipasuka bila kosa lake, alijua mlango wa kukirudisha.

Sasa tazama. Nzilani aliolewa na Mutie mwaka wa sitini na nane, Syokau akamfundisha kazi kama alivyofundishwa na mama mkwe wake mwenyewe. Mutie akarudi kwenye kibarua chake Sultan Hamud. Halafu macho ya mama yakafunga, mikono ikaanza kutetemeka, na kufikia mwaka wa sabini na tano Syokau hakuwa amefinyanga hata kikombe kwa miaka minne. Nzilani ndiye aliyechimba udongo, akautwanga, akachekecha mchanga, akafinyanga, akachoma. Kisha kwa mkono wake mwenyewe akakata mistari mitatu na nukta.

"Aki vyungu vya Syokau!" wanawake walisema sokoni mbele yake. "Havina mfano!" Nzilani alikuwa amesimama pale pale na ngata kichwani. Walimwona kama punda aliyeleta mzigo, na iliuma, iliuma mpaka usiku.

Mara tatu aliomba alama yake. Mara tatu Syokau alijibu neno moja: "Bado."

"Bado nini, mwaitu? Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Hakuna chungu chako kilichorudi bado."

"Sasa nifinyange vibaya ndiyo nipewe jina?"

Syokau akaendelea kuchambua mbaazi kwa vidole. Mvumilivu hula mbivu, watu humwambia mtu wa hali hiyo. Mbivu gani, Nzilani alijiuliza, na zangu zinaozea mtini?

Julai hiyo akaja Kalunde, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa la Kikima. Kanisa jipya la mawe lingefunguliwa Jumapili ya mwisho ya mwezi, na kina mama walitaka kupika isyo, yaani mahindi na maharagwe, ya watu mia mbili. Sufuria zilikuwa zimeshajaa madukani, lakini wazee wa kanisa walisema isyo ya sufuria ina ladha ya bati. Kwa hivyo Kalunde akaagiza vyungu vikubwa vinane, sita kwa Syokau, viwili kwa Muthoki, mfinyanzi wa ng'ambo ya mto.

Vitano vya kwanza Nzilani alivifinyanga vizuri, akavitia mitatu na nukta. Cha sita ndicho kilichomchelewesha. Sisi chungu tunakianza juu. Unajenga mdomo na shingo, unaweka alama, unakiacha kikaze kidogo, halafu unakipindua na kufunga kitako mwisho. Nzilani alijenga shingo ya kile cha sita, akashika kijiti, na kijiti kikakataa kwenda kwenye mistari mitatu. Alichora, akafuta. Akachora tena, akafuta. Siku mbili zilipita hivyo. Hatimaye akakata nusu duara, na kistari kimoja kinachotoka ndani kwenda nje. Boma, na mtu ametoka. Moyo ulimdunda kama wa mwizi, na furaha yake ilikuwa kubwa kuliko hofu.

Ila siku mbili ni siku mbili. Ukungu wa Julai ulikuwa umeishika milima, na jua halikuonekana. Ijumaa asubuhi, siku ya kuchoma, Nzilani alipita akiweka shavu kwenye kila kitako, maana shavu halidanganyi: udongo ulio baridi bado una maji. Vitano vilikuwa sawa. Cha sita kilikuwa baridi.

Alijua. Msiniambie hakujua. Angekiacha, apeleke vitano na kuomba radhi. Lakini siku ya watu mia mbili ingempita, na alama yake ingebaki kibandani na kuku. Akakiegemeza karibu na jiko asubuhi nzima, akikigeuza kila mara, akienda mlangoni na kurudi. Mchana akavipanga vyote sita kwenye kuni na mavi makavu ya ng'ombe, akawasha.

Vilitoka vyekundu, vizuri sana. Alivigonga kimoja kimoja kwa kidole. Vitano vililia kama kengele. Cha sita kiliitika, lakini kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

"Nimesikia vingapi?" Syokau akauliza kutoka barazani.

"Sita, mwaitu."

Jumamosi vyungu vikachukuliwa kwenda kanisani; Jumapili Nzilani alibaki nyumbani kumtunza mama. Kutunza gani! Alipanda kilimani mara nne kuangalia barabara, akitazamia mtu apite akisema, jamani, nani huyu mwenye alama ya boma? Hakupita mtu.

Jumatatu saa nne Kalunde alifika na wanawake wawili. Hawakukaa. Alitoa kigae kwenye kiondo chake, kipande cha shingo kilichopigwa masizi, akakiweka mapajani mwa Syokau.

"Mama, tumeaibika. Chungu cha meza ya wageni kimepasuka kitako motoni, isyo yake yote imeingia jivuni. Maji ya moto yamemchoma mpishi wetu Ndululu mguu. Wageni wamekula mkate na chai! Vyungu vyote vilichanganyika jikoni, na masizi yameficha alama. Niambie, hiki ni chako?"

Syokau akapitisha kidole shingoni, polepole, akarudia.

"Mitatu haiko," akasema. "Nukta haiko. Hii si alama yangu."

"Nilisema mimi!" Kalunde akapumua. "Ni ya Muthoki basi. Ana wale mabinti wanaojifunza, kila mmoja na mikwaruzo yake. Twende kwake sasa hivi. Na kanisa halitanunua tena kwake hata kibakuli."

Njia ndiyo hiyo, imefunguka pana. Nzilani hakuhitaji kusema uongo. Alihitaji tu kunyamaza, na kunyamaza ni kazi rahisi. Kisha akaona jambo lililomkata maini. Syokau aliinua kigae, akakigusa kwa ncha ya ulimi, kama wafinyanzi wanavyoonja udongo machimboni kujua umetoka shimo gani. Akakionja mara moja tu. Akakirudisha mapajani, uso wake umeelekea pale alipokuwa mkaza mwanawe.

Anajua, Nzilani akawaza. Ngai, anajua, na hatasema.

Wanawake walikuwa wameshafika langoni. Miguu ile ya Nzilani, ambayo siku zote ilitaka kwenda mahali, sasa ilikuwa mizito kama michi. Akamwona Muthoki na mabinti zake wakiapa mbele ya watu, na hakuna anayewaamini. Akakimbia.

"Mama Kalunde! Rudini! Hiyo alama ni yangu."

Kalunde akageuka. "Yako? Tangu lini una alama?"

"Tangu hiyo. Kitako kilikuwa kibichi, na nilijua, nikakichoma. Muthoki hana kosa."

Alitukanwa, na sitarudia yote aliyoambiwa, maana wale walikuwa watu wa kanisa. Alisimama akayapokea. Walipochoka akasema, "Nitafinyanga kingine. Na Ndululu nitamtekea maji na kumpikia mpaka mguu upone."

"Utafinyanga, ndiyo," Kalunde akasema, akijifunga kanga upya. "Na ukitie alama hiyo hiyo, unasikia? Nataka kujua nani wa kumshika."

Wakaondoka. Nzilani akarudi barazani. Syokau alikuwa ametupa kigae chini. Alinyoosha kiganja chake, kile kikavu chenye nyufa.

"Nichoree."

"Nini, mwaitu?"

"Kile ulichokata. Masizi yamejaa, sijakisoma vizuri. Nichoree hapa."

Nzilani akapiga magoti, yote mawili. Kwa ukucha akachora nusu duara kwenye kiganja, na kistari kinachotoka nje, na machozi yakamdondoka humo humo. Syokau akafunga ngumi juu ya alama ile, akaishika kitambo.

"Chungu changu cha kwanza kilipasuka na maziwa ya harusi, kikarudishwa," akasema. "Nilijificha kwenye mtama siku nzima. Wewe umekimbia kwenda mbele." Akamsukuma begani. "Haya, inuka ukachimbe udongo. Na hiki kipya, ukikiwekea shavu, lisikilize."