Kiraka cha Chumba cha Wageni

Fundi cherehani alijiamini kupita kiasi, na balaa lote lilianzia hapo. Mkewe alipomwambia amwite mwashi aje aangalie ufa wa chumba cha wageni, jamaa alinuna mpaka chai ikapoa.

"Kwani mimi si fundi?"

"Fundi wa suruali, baba watoto."

"Fundi ni fundi!"

Ufa wenyewe ulishuka kutoka dirishani mpaka karibu na sakafu. Ukuta ulikuwa umelowa, rangi imevimba, ukungu mweusi umejitandaza kwa raha zake. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na bafu, na mtu yeyote mwenye akili zake angeshuku bomba. Yeye aliona ukuta umekosa adabu tu.

Na muda haukuwepo. Mama mkwe alikuwa anakuja kuhamia kwao moja kwa moja, na kifua chake hakipatani na unyevu. Alishasema wazi kwamba akianza kukohoa tu, anarudi kwake kuishi peke yake. Mkewe wazo hilo lilimnyima usingizi. Fundi naye lilimuuma, ila hakusema, maana alimpenda sana yule mama.

Basi akavaa utepe wake shingoni, akaupima ufa, akakata turubai akiacha nafasi ya pindo kila upande, akalipaka gundi na kulibandika. Juu akapaka rangi nyeupe. Mkewe alipoingia, alitafuta ufa asiuone.

"Umeona? Hata mshono hauonekani!"

Mama mkwe alifika mchana, akaamkiwa, akala, akaenda kujinyoosha. Haikupita muda, huko chumbani kitu kikachanika kwa kishindo. Fundi akabaki na kikombe hewani.

Mama akatoka taratibu. Alikuwa ameegemea ukuta, na ukuta ukaamua kumfuata. Turubai zima lilikuwa limemganda mgongoni kwa rangi mbichi, linaburuta vipande vya lipu sakafuni.

"Mwanangu," akasema kwa upole wa kutisha, "hili joho umenishonea lini?"

Mkewe akageukia dirishani, mabega yakimcheza kwa kicheko. Fundi hakucheka. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nimechemsha, Mama. Mambo ya ukuta siyajui. Nilitaka tu usituondokee."

Mama akamtazama. Akakohoa mara moja. Kicheko cha binti yake kikakatika pale pale. Mama akarudi chumbani, akatoka na mkoba wake, akaelekea mlangoni, kisha akakata kona na kuingia chumba chao wenyewe wenye nyumba. Wakamsikia akipapasa kuta.

"Huku kukavu!" akaita. "Nitalala hapa na binti yangu. Wewe, baba, kalale kule na turubai lako mpaka ukuta ukauke."

Fundi alikuwa ameshashika simu, anambembeleza mwashi aje sasa hivi, aje na nyundo, abomoe popote anapotaka.