Alama Nane

Baba alikuwa ameziweka herufi tatu ubaoni, H, E na M, kisha akabaki na kidole juu ya ile ya mwisho, kama mtu aliyeziba tundu na kuogopa kuliachia.

"Hem," nikasoma. "Nne, moja, tatu. Alama nane. Haya, litetee."

Hiyo ndiyo sheria ya nyumba yetu katika mchezo huu wa kuunda maneno ya Kiingereza kwa vigae vya herufi, na aliyeitunga ni yeye. Miaka thelathini alihariri kamusi za Kiingereza, na hakuruhusu mtu kuweka neno mezani bila kueleza maana yake na lilikotoka. Ukishindwa, atakayeweza kulieleza anazichukua alama zako. Mimi na kaka tulilizwa sana na sheria hiyo utotoni. Mama, aliyekuwa fundi cherehani, hakulia. "Alama ananinyang'anya, ila chakula changu anakula," alikuwa akisema, na baba anacheka mpaka miwani inamdondoka.

Sasa mama hayupo, na mwezi huu baba ameacha jiko likiwaka mara mbili. Juzi alipotea akitoka dukani, mtaa wa pili tu. Kaka akasema basi, atamchukua akaishi kwake, mji mwingine, nyumba ifungwe. Baba akagoma. Wakabishana hadi wakafikia makubaliano ambayo watu wengine wangeyaona ya kichaa: tucheze mchezo mmoja. Akiyatetea maneno yake yote, abaki. Likimshinda hata moja, afungashe. Kaka angekuja saa kumi na mbili jioni kuchukua jibu. Mwamuzi mimi.

Maneno sita aliyatetea kwa mbwembwe zake za zamani. Hili lilikuwa la saba, na la mwisho.

"Litetee, baba."

"Usinikimbize. Nalijua hili." Akakohoa. "Nalijua kama ninavyokujua wewe."

Nikasubiri. Midomo yake ilicheza, ikatulia. Uso wake ukawa unajifunga kidogo kidogo, kama duka ambalo mwenyewe anateremsha mlango.

Mimi si mtu wa kudanganya. Hata kuongea kwa sauti kunanipa shida. Lakini mkono wangu ulishuka wenyewe hadi kwenye gauni langu, nikaushika upindo wake, nikaukunja, nikaukunjua. Mama ndiye aliyelishona gauni hilo. Nikaukunja tena, polepole, mahali atakapouona.

Akauona. Macho yake yakatua pale, yakakaa, nikajua amelipata. Kisha akanitazama, na nikaona haya kuliko nilivyowahi kuona maishani.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mama yako naye alikuwa akinipenyezea majibu hivyohivyo. Akidhani sioni."

"Baba, umelikumbuka. Sema tu."

"Nimeonyeshwa. Kukumbuka ni kitu kingine." Akaegemea kiti. "Litetee wewe."

"Sitaki."

"Litetee. Nataka kulisikia."

Nikalitetea. "Upindo wa nguo. Pia kumzingira mtu asione pa kutokea. Limetoka kwenye Kiingereza cha kale, neno la ukingo. Huenda ni ndugu wa neno la kiwanja kilichozungushiwa ua."

Alisikiliza amefumba macho, kama anayesimuliwa habari za mtu aliyemfahamu zamani.

"Safi," akasema. "Na hiyo 'huenda' usiiache kamwe. Wavivu huiacha."

Akaivuta karatasi ya alama. Tarakimu aliiandika vizuri: nane, upande wangu.

Nje, gari la kaka likazimwa. Baba akaanza kurudisha vigae vya herufi mfukoni, kimoja kimoja. Mfuko wenyewe mama aliushona kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye nguo ya mteja. Mdomoni ulikuwa umefumuka, kamba haikazi tena.

"Huu utavimwaga njiani," akasema. "Una sindano?"

"Ninayo."

Kaka akagonga. Hakuna aliyeinuka. Nilikuwa natunga uzi, na baba ameushika mdomo wa mfuko kwa mikono miwili, ameunyoosha vizuri, ili nianze.