Garimoshi Tupu

Kila Ijumaa baada ya sala, sisi wazee wanne tuliozaliwa Tabora tuliwasha garimoshi letu dogo kwenye shamba langu la mitende hapa Ibra, Oman. Tulilijenga kwa mikono yetu, na watoto wa mtaa walipanda bure. Mwisho wa safari tulikunywa kahawa. Mimi ndiye mdogo wao, basi nilimimina mimi, mpaka kila mmoja atikise kikombe kunambia imetosha.

Akaja mkaguzi, kijana mwenye adabu. "Shikamoo, ami," kisha karatasi: cheti cha tangi la mvuke kila mwaka, uzio njia nzima, bima. Hata ningeuza shamba, pesa zisingetosha! Nikamuuliza, miaka kumi na moja tumemuumiza nani?

"Hakuna, ami. Lakini usipakie mtu."

Bila watoto, wenzangu wakaona hakuna haja ya kuja. Wameniudhi kuliko mkaguzi.

Leo nimeliendesha tupu, king'ora na vituo vyote. Nikajimiminia kahawa, nikanywa. Kisha nikatikisa kikombe, na dele la kahawa ninalo mwenyewe mkononi.