Kiti cha Ghorofa ya Nne

Mke wangu alifia ghorofa ya nne, kwenye kiti cha plastiki. Sisi tunakaa ya tisa. Kiti kile tulikiweka wapangaji wenyewe, ili anayepanda apate pa kuvutia pumzi, maana lifti ilikuwa imekufa zamani na Mwenyekiti wa jengo alikuwa na jibu moja tu: "Suala liko mezani." Meza gani hiyo isiyojaa?

Ngazi zilitufunza akili. Kila roshani ikawa na kamba na kikapu. Mimi chini natia viazi, yeye juu anavuta huku ananitukana: "Wewe mume, umeninunulia mawe?" Lakini siku ile alikuwa anatoka zahanati, na mtu hapandi kwa kikapu.

Mwaka huu vipanga wawili, dume na jike, wakahamia kwenye beseni lake la maua pale roshani. Kipanga hajisumbui kujenga. Alikwaruza mchanga kidogo, akataga. Mimi nikawa nakaa nyuma ya kioo namtazama jike akirudi na njiwa, anamnyonyoa, analisha makinda vipande vidogo vidogo kama anayelisha mgonjwa. Kulisha mgonjwa nakujua.

Habari zikasambaa, wakaja watu na kamera. Kisha tukasikia Mheshimiwa fulani naye anataka kuona. Mheshimiwa hapandi ngazi. Wiki haikuisha, lifti ikafufuka, na kioo wakaitilia ndani, mkubwa ajitazame.

"Umeona, mzee wetu?" Mwenyekiti akaniambia. "Mambo si hayo?"

"Nimeona. Kumbe ndege wana wenyewe, sisi ndio hatuna."

Nikaapa mguu wangu hautakanyaga mle.

Asubuhi moja natoka dukani, fundi viatu anayekaa mlangoni kwetu akanipigia ukelele. "Mzee, fanya upesi! Mwanao kaanguka!"

Kinda mmoja alikuwa amejibana nyuma ya boksi lake la rangi za viatu. Amejaribu kuruka kabla ya wakati wake. Manyoya meupe ya utoto bado yamemng'ang'ania kichwani kama pamba. Mdomo wazi, anahema. Paka wawili wamekaa pembeni wanasubiri kwa adabu.

"Mtie kwenye kikapu chako apande," fundi akasema.

Nikatazama juu. Kamba ipo, inaning'inia. "Nani atavuta?"

Fundi akainama, akagonga nyundo kwenye kiatu kisicho na msumari.

Nilimfunga kinda kwa koti langu nikazielekea ngazi. Mwenyekiti alikuwa ameshikilia mlango wa lifti. "Ingia basi, mzee! Utakufa wewe na ndege wako."

"Wenye lifti tangulieni."

Ghorofa ya nne nikatua kuvuta pumzi. Nikakaa kwenye kiti kile kile. Kichwa cha kinda kikaanza kulegea, macho yanajifunga taratibu. Nilishaona macho yakijifunga hivyo, hapo hapo, na siku ile hapakuwa na kitufe cha kubonyeza. Leo kipo, kinawaka mbele yangu kama jicho la mtu asiye na haya.

Nikabonyeza.

Mpaka ya tisa sikuwahi kumeza mate mara mbili. Basi, ni hicho tu. Ndicho walichotunyima. Kwenye kioo kulikuwa na mzee analia, nikampa mgongo.

Nilipofungua mlango wa roshani, jike alinishukia kama jiwe, akanichana utosi. Sikujikinga. Mama akipigania mwanawe utamlaumu nini? Nikamlaza kinda kwenye beseni, nikarudi nyuma ya kioo.  Kisha kinda akainua kichwa, akafungua mdomo, akalia njaa.

Nikashuka kwa ngazi, damu inanichuruzika sikioni. Ghorofa ya nne nikakibeba kile kiti mpaka chini, nikakiingiza ndani ya lifti, katikati kabisa.

"Kiti cha nini tena, mzee?" Mwenyekiti akauliza.

"Cha mke wangu," nikamwambia. "Na yeye apande."