Kopo la Pili la Mzee Ildefons

Pale Kashozi hakuna aliyeujua Ukimwi kama Mzee Ildefons, au ndivyo alivyopenda watu waamini. Kila mkutano wa afya ulipoisha, aliwachukua vijana hadi kibanjani kwake, katikati ya migomba, kwenye makaburi matatu ya kaka zake. "Hawa hapa," alisema. "Ukiupata, nafasi yako ni hii pembeni." Vijana walirudi makwao kimya, naye akaridhika, maana aliamini hofu ni mwalimu mzuri.

Sasa hofu yake ilikuwa imekaa sebuleni mwake, ina mimba ya miezi minne. Mjukuu wake Kokubanza alikuwa hajakanyaga kliniki hata siku moja. Aliyempa mimba alikuwa mvuvi wa visiwa vya Muleba, na habari zilizomfuata bwana huyo hazikuwa nzuri. Jumamosi asubuhi akaja Gaudiosa, mhudumu wa afya wa kijiji, kumbembeleza binti.

"Mama akipimwa mapema, akikutwa na virusi akaanza dawa bila kuruka siku, mtoto anaweza kuzaliwa salama kabisa," Gaudiosa alisema. "Tafadhali, waitu, twende Jumatatu."

"Siendi. Nikaambiwe nini? Nafasi yangu naijua, Babu alishanionyesha."

Ildefons akainamisha kichwa. Kusikia maneno yake mwenyewe kinywani mwa mtoto huyu kulimuuma.

Kwa Mhaya, mgeni hakai bila kupewa kahawa ya kutafuna, hata kama mnagombana naye. Kokubanza akainuka na hasira zake kwenda kuileta. Kopo la sebuleni lilikuwa tupu, akaingia chumbani kwa babu yake.

"Acha, naileta mwenyewe!" mzee akapiga kelele, lakini magoti ya miaka sabini na moja yatashindana na miguu ya nani? Binti alirudi na kopo jingine, akalipindua juu ya kikapu mbele ya mgeni. Zikadondoka punje chache za kahawa zilizokuwa juu, halafu vidonge vyeupe, vingi.

Gaudiosa alivitambua mara moja.

"Vya nini hivi, Babu?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: vya presha. Akaliangalia tumbo la mjukuu wake, akaumeza.

"Vya Ukimwi. Huu ni mwaka wa kumi na tisa. Navichukulia Muleba, nisionekane."

"Kumbe! Si ulisema unakwenda kumsalimia rafiki yako Rwekaza?"

"Rwekaza alikufa zamani."

Kokubanza alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Makaburi umetuonyesha tangu tukiwa wadogo. Kopo hili mbona hukutuonyesha?"

Mzee hakuwa na pa kukimbilia. Miaka yote aliikimbia aibu ya watu, na leo aibu ya kumtisha mjukuu wake hadi karibu amwangamize yeye na mtoto wa tumboni ilimchoma zaidi. "Kaka zangu walikufa kwa sababu dawa hazikuwapo," alisema. "Mimi nipo kwa sababu zipo. Hilo nililificha, mwanangu. Nisamehe. Jumatatu tutakwenda wote."

Jumatatu benchi la kliniki lilikuwa limejaa wanawake, na wengine kati yao aliwahi kuwapeleka kwenye yale makaburi. Walimwamkia kwa heshima, wakidhani amekuja kuwatisha tena. Kokubanza akamshika babu yake mkono. "Siwezi, Babu," alinong'ona. "Turudi."

Unapompa mgeni kahawa, wewe mwenyeji hutangulia kutafuna, aone haina sumu. Ildefons hakujua hata ni kwa nini jambo hilo lilimjia pale. Alitoa kopo mfukoni mwa koti, akaomba maji, akakiinua kidonge kimoja mahali ambapo kila mtu angekiona.

"Hii ni dawa ya Ukimwi, mama zangu," alisema. "Ni yangu."

Akakimeza. Mwanamke mmoja aliyekaa mwisho wa benchi akasogea, akampisha akae.

"Nimetangulia," alimwambia mjukuu wake.

Jina la Kokubanza likaitwa. Akampa babu yake mkoba amshikie, akaingia.