Nyumba ya Nyimbo Tisa

Fundi Cheche hakupoteza masikio siku moja. Yalimtoka kidogo kidogo, kama maji kwenye ndoo yenye tundu la sindano, kwa miaka thelathini ya kukata na kuchomelea vyuma karakanani. Asubuhi moja alipiga nyundo kwenye bomba la geti, akaona mkono wake ukitetemeka na asisikie kitu. Akapiga tena. Kimya. Akaigeuza nyundo huku na huku, kana kwamba ndiyo iliyoharibika.

Wakati huo mwanawe alikuwa na miezi saba kaburini.

Alikuwa mtoto wao wa pekee, mrefu na mwembamba, ambaye baba yake alimpa jina la Msumari tangu aliposimama dede. Aliugua mapafu wiki tatu. Ya nne hakuiona. Fundi na mkewe, mkunga mstaafu, walizika, wakapokea pole, wakarudi nyumbani na kufunga mlango wa chumba chake. Tangu hapo jina lake halikutajwa tena mle ndani. Hawakukubaliana hivyo, kila mmoja alikuwa akimhurumia mwenzake. Kisha uziwi ukawapa kisingizio. Mambo ya nyumba yakawa yanaandikwa kwenye daftari dogo lililofungwa penseli kwa uzi, na nani angeanza kuandika habari za marehemu kati ya “chumvi imekwisha” na “mwenye geti kaja”?

Mwaka ukapita hivyo. Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, mkunga akalisukuma daftari mbele ya mumewe. Alikuwa ameandika: “Ile sinema ya Msumari imerudi ukumbini. Saa tisa. Nataka twende.”

Fundi alisoma mara mbili. Akapitisha kidole juu ya jina lile, kwa mwandiko wa mkewe.

Sinema yenyewe aliijua, maana Msumari alimsumbua nayo mwaka mzima. Lilikuwa onyesho la bendi ya roki, lililopigwa picha tangu mwanzo mpaka mwisho. Kijana alishalitazama mara nyingi na bado aliomba, “Baba, twende siku moja tu.” Enzi hizo masikio ya fundi yalikuwa bado na uhai, na jibu lake lilikuwa moja: “Mimi nalipwa kusikia kelele. Leo nikalipe mimi? Tena nikatazame watu wengine walivyokwenda muzikini? Huko ni kushiba kwa harufu ya chungu cha jirani.”

“Si kelele, baba. Wanajenga.”

“Wanajenga nini?”

“Njoo uone mwenyewe.”

Hakwenda. Baadaye kijana akaacha kuomba, na fundi akaona ameshinda.

Sasa alimtazama mkewe. “Kiziwi na muziki, mama, wapi na wapi?”

Mkunga akachukua penseli. “Macho unayo.”

Ukumbi ulikuwa wa zamani, viti vyake vya kitambaa chekundu kilichopauka. Watu hawakuzidi arobaini, wengi vijana, na karibu nusu yao walivaa ovaroli za bluu. Fundi akamwinamia mkewe. “Hawa wametoka kazini?” Mkunga naye hakujua, akainua mabega.

Taa zikazimwa, na jibu likaja lenyewe. Kwenye skrini lilitokea jukwaa kubwa, tupu kama kiwanja kisichonunuliwa, mbele yake bahari ya vichwa. Akaingia mtu mmoja mwenye ovaroli ya bluu, bomba la chuma begani. Akalilaza chini, akaokota gitaa, akaanza kupiga. Akaja wa pili na bomba lake, kisha wa tatu. Wa mwisho kuingia alikuwa mwimbaji, mwanamke wa makamo mwenye kichwa kilichonyolewa, naye alibeba mlango mgongoni.

Fundi hakusikia hata noti moja, ila kiti kilimsikilizia. Ngoma zilipanda kupitia miguuni, zikamfika kifuani na kutulia humo. Na jicho lake, jicho la kazi, likashika kazi. Kila wimbo ulisimamisha kitu: nguzo, kisha boriti, kisha kenchi za paa. Mpiga ngoma alipanda ngazi akiwa bado anapiga. Mpiga gitaa alikaa juu ya paa, miguu ikining'inia, huku mwenzake akipachika dirisha chini yake. Kamera ilisogea karibu mpaka jasho likaonekana kwenye kope za mwimbaji, na mishipa ya shingo, na vidole vilivyofungwa plasta.

Wimbo wa tano ulipofika, nyumba ilikuwa imekamilika. Wote wakaingia ndani, wakafunga mlango, wakawasha taa, wakaendelea kupiga wakiwa wameketi kuzunguka meza. Maelfu waliokuwa uwanjani siku ile hawakuona zaidi ya vivuli dirishani. Lakini kamera iliingia nao. Fundi akajikuta yumo ndani ya ile nyumba, amekaa mezani na watu wanaotazamana na kuimba taratibu, bila kumjali mtu wa nje. Hapo akaelewa kitu kilichomrudisha Msumari kwenye kiti hiki mara kwa mara. Aliyekuwa uwanjani alibaki nje. Aliyekuja hapa ndiye aliyekaribishwa.

Kisha wakaanza kubomoa.

Hapakuwa na kishindo. Wimbo mmoja, boriti moja. Kila mtu alitoa kile alichokileta, akakiweka begani na kuondoka. Fundi akasogea ukingoni mwa kiti. Alikuwa akitazama viungo. Hapakuwa na alama ya kuchomelea hata moja. Kila chuma kiliingia kwenye chuma kingine na kushikwa kwa pini, hata mtu mmoja angeweza kukichomoa kwa mkono. Nyumba ile ilitengenezwa tangu mwanzo ikijulikana kuwa itaondoka.

Akamkumbuka Msumari amesimama mlangoni mwa karakana, karatasi mkononi. “Baba, unaweza kunitengenezea kiungo kinachoshika bila kuchomelewa?” Naye, bila kuinua kofia ya kuchomelea, alimjibu: “Kisichochomelewa hakishiki.” Hakuuliza kiungo ni cha nini. Karatasi hakuitazama.

Wimbo wa tisa ulimkuta mwimbaji peke yake jukwaani na ule mlango uliosimama bila nyumba. Alibisha hodi. Akasubiri. Akabisha tena. Halafu akaubeba mgongoni akatoka, na jukwaa likabaki tupu muda mrefu kabla ya taa za ukumbi kuwaka. Vijana wenye ovaroli hawakunyanyuka haraka. Fundi alikuwa analia, machozi yakishuka bila uso kukunjamana, na mkewe hakumgusa, kwa sababu naye alikuwa vivyo hivyo.

Nje kulikuwa na benchi la saruji ukutani. Wakakaa. “Maneno yalikuwa yanasemaje?” fundi akauliza.

Mkunga akatoa daftari mkobani, akaandika: “Lugha ngeni. Sikuambulia kitu. Nilidhani ni watu wa ujenzi tu, mpaka kwenye mlango.”

“Ni mtu aliyefiwa,” fundi akasema. “Nyumba ni watu. Kila anayeondoka anaondoka na kipande chake.” Sauti yake ilikuwa kubwa, kama ya viziwi wengi, na wapita njia waligeuka. Kwa kawaida mkunga angemwashiria kwa kiganja apunguze. Leo alimwacha. “Msumari aliniomba nije. Aliniomba mpaka akachoka. Ningekuja hata mara moja, mama. Mara moja tu.”

Mkunga alishika penseli. Kisha akaandika polepole, na kabla ya kumpa daftari alilifunika kwanza kwa mkono.

“Hakuchoka. Mimi ndiye niliyemwambia aache. Nilimwambia baba yako anachoka kazini, usimsumbue na mambo ya kitoto. Akaniambia sawa mama. Nimekaa na hili tangu tumzike.”

Fundi alisoma. Basi lilipita, vumbi likatua juu ya karatasi, akalifuta kwa kidole gumba. Alitafuta hasira ndani yake, maana ingekuwa nafuu, angepata wa kumtwika lawama. Haikuwepo.

“Hata asingeacha,” alisema, “ningekataa. Unanijua.”

Mkunga akatikisa kichwa kukubali. Alimjua.

“Alisema ‘sawa mama’, ikawa basi?”

Akaandika: “Alisema sawa. Halafu akaniomba hela ya tiketi, akaenda peke yake.”

Fundi akacheka kidogo, kicheko kilichomuuma mbavu, na mkewe akacheka naye. Wakaendelea kukaa pale, fundi akiuliza, mkewe akiandika: Msumari alikuwa anarudi saa ngapi, alikuwa anasema nini akirudi, alikula au alilala hivyo hivyo. Karatasi zilipokaribia kwisha, mkunga akaanza kuandika pembeni, kwa herufi ndogo ndogo, ili nafasi itoshe.